Kompyuta Ni Ile Ile, Mikono Ndiyo Migeni

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kuutunza mfumo wake uitwao Windows 10, uliokuwa umetoka tarehe 29 Julai 2015. Kesho yake watu hawakuona ajabu yoyote. Makarani waliketi mezani pao, waalimu wakaandika maswali ya mitihani, wanafunzi wakafungua masomo yao, na kompyuta zikaitika kama zilivyoitika jana. Ndiyo sababu wengi walidhani kwamba habari ile ni maneno matupu. Lakini mfumo wa kompyuta ni kama nyumba ya udongo: haianguki siku ile fundi aondokapo, ila kila mvua huacha ufa, na ufa usiozibwa huwa mlango wa mwizi. Tangu siku ile, ufa mpya ukionekana katika Windows 10, hauzibwi ila kwa wale waliojiandikisha kupewa matengenezo ya nyongeza, nayo yana mwisho wake. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mtu atauliza: Je, si afadhali kuhamia Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021? Ndiyo, kama mashine yake inakubaliwa. Kwa maana Windows 11 huchagua nyumba ya kukaa. Yataka kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 katika diski, kidude cha usalama kiitwacho TPM cha namna ya 2.0, tena kichakataji kilichomo katika orodha ya kampuni. Mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazimo katika orodha hiyo, hata zikiwa nzima kabisa. Nasi twajua kwamba katika shule na ofisi zetu mara nyingi kompyuta hufika zikiwa zimekwisha kutumika miaka mingi mahali pengine.

Basi, mwenye mashine ya namna hiyo ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kununua mashine mpya, na fedha haziokotwi njiani. Ya pili ni kukaa katika nyumba isiyo na mlinzi, huku hesabu za shule na barua za jamaa zimo ndani. Ya tatu ni kutia katika mashine ile ile mfumo mwingine, yaani Linux. Leo twataka kuisema njia hiyo ya tatu. Hatuuzi mashine, wala hatuna kampuni ya kuitetea. Twataka kuonyesha tu shida yake iko wapi hasa; kwa maana watu wengi hudhani shida iko katika mashine, kumbe iko katika mikono.

MFUMO ENDESHI NI NINI?

Kompyuta bila mfumo endeshi ni chuma na plastiki. Mfumo endeshi ndio msimamizi wa nyumba. Ukigusa kitufe cha herufi, yeye ndiye anayeipokea herufi na kuipeleka kwenye waraka. Ukisema «hifadhi», yeye ndiye anayetafuta nafasi katika diski. Printa, sauti, saa, flashi, intaneti, vyote hupita mkononi mwake. Programu unazozitumia, kama ile ya kuandikia barua, ni wageni waliokaribishwa na msimamizi huyo. Ukimbadili msimamizi, nyumba ni ile ile, lakini funguo zatundikwa mahali pengine, na vyungu vyapangwa kwa desturi nyingine.

Linux ilianza mwaka 1991. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Helsinki, katika nchi ya Finland, jina lake Linus Torvalds, aliwatangazia wenzake kwamba anatengeneza kiini cha mfumo, akawaalika waseme wanayoyapenda na wasiyoyapenda. Kabla yake, tangu mwaka 1983, Mmarekani Richard Stallman alikuwa ameanzisha kazi iitwayo GNU, ili pawepo programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzisoma, kuzibadili na kumpa jirani yake. Kazi hizo mbili zikakutana. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, akatoa namna moja ya Linux kwa watu wa kawaida, akaiita Ubuntu. Jina hilo latoka katika lugha za kusini mwa Afrika, na maana yake haitupitii mbali sisi wenye Kiswahili: ubuntu ni utu.

Tena, wasomaji wengi wanayo Linux mifukoni bila kujua, kwa sababu simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux. Na simu hizo tulijifunza upesi, hata bibi na babu. Kwa nini simu ilikuwa rahisi, na kompyuta yenye mfumo mgeni inatutoa jasho? Hapo ndipo penye siri ya habari yetu.

MIKONO HAISAHAU UPESI

Tulipopokea simu ya kioo, mikono yetu ilikuwa mitupu. Haikuwa na desturi ya zamani ya kugombana na desturi mpya. Lakini karani aliyekaa miaka 10 au 15 mbele ya Windows hafikiri tena. Mkono wake waenda wenyewe pembeni mwa skrini, kama mguu uendavyo wenyewe katika njia ya kisimani hata usiku. Basi, siku anapoletewa mfumo mwingine, hana kazi moja, ana kazi mbili: kujifunza jipya, na kuuzuia mkono usirudi kwenye la zamani. Kazi hii ya pili ndiyo inayochosha. Humfanya mtu hodari ajione kama mtoto wa darasa la kwanza, naye huona haya mbele ya wenzake. Haya hiyo huwarudisha nyuma watu wengi kuliko ugumu wa mashine yenyewe. Desturi ni kama sheria, wala haivunjwi kwa siku moja.

Tutoe mifano. Katika Windows kila diski ina herufi yake: C ndiyo diski ya ndani, D au E pengine ndiyo flashi. Katika Linux herufi hizo hazimo. Vyote ni mti mmoja wenye shina moja, na matawi yake ni folda. Nyaraka zako zakaa katika tawi lako mwenyewe liitwalo «home», na flashi ukiichomeka huonekana kama tawi jingine. Karani aliyezoea kutafuta D atatafuta mchana kutwa. Lakini akiambiwa mara moja, «Hapa hakuna nyumba nyingi, kuna mti mmoja», kazi yake inakuwa nyepesi.

Tena, katika Windows faili iitwayo «Barua» na faili iitwayo «barua» huhesabiwa kuwa jina moja. Katika Linux hizo ni faili mbili mbalimbali, zaweza kukaa pamoja katika folda moja. Asiyejua jambo hilo ataandika sahihisho katika moja, halafu atafungua nyingine, na kusema kwamba mashine imekula kazi yake. Hata njia ya kuleta programu ni tofauti. Katika Windows tumezoea kuokota programu huku na huku katika intaneti, au kupewa na rafiki katika flashi. Faili hizo, ambazo jina lake humalizika kwa «exe», kwa kawaida hazifunguki katika Linux. Huku programu hutoka katika ghala moja la wenye mfumo, nayo haiwekwi mpaka umeandika neno lako la siri. Mwanzoni jambo hilo laonekana kuwa usumbufu. Baadaye mtu huelewa kwamba mlango ule ule unaomchelewesha mwenye nyumba humchelewesha na mwizi.

Sisi watu wa Kongo tuna jambo letu pia. Kibodi zetu nyingi ni za Kifaransa, zile zianzazo kwa A, Z, E, R, T, Y. Siku ya kutia mfumo mpya, mashine huuliza: Kibodi ni ya namna gani? Mtu akipita upesi bila kujibu, mfumo waweza kuchukua kibodi ya Kimarekani. Hapo ukigusa A unapata Q, na ukigusa Z unapata W. Nayo herufi za neno la siri hazionekani katika skrini. Zaonekana nukta tu. Mtu huandika neno lake la siri vema kabisa, na mashine humkataa kila mara. Asikasirike, wala asidhani ameingiliwa na virusi. Aichague kibodi ya Kifaransa, na mlango utafunguka.

Hata saa yaweza kuwashangaza waliohifadhi mifumo miwili katika mashine moja. Windows huandika katika saa ya mashine majira ya mahali ulipo. Linux kwa kawaida huandika majira ya dunia nzima, yaani yale yahesabiwayo tangu Greenwich. Kwa hiyo mtu wa Bukavu au Lubumbashi akitoka Linux na kurudi Windows, pengine ataona saa imerudi nyuma saa 2. Na mtu wa Kinshasa ataona imerudi saa 1. Saa haikuharibika. Wasimamizi wawili wanaandika daftari moja kwa desturi mbili. Fundi aweza kuwapatanisha kwa dakika chache.

MJI WA MUNICH ULIHAMA UKARUDI

Mambo haya si ya mtu mmoja mmoja tu. Yaliupata hata mji mkubwa wa Ulaya. Mwaka 2003 mji wa Munich, katika Ujerumani, ulikuwa na kompyuta kama 14,000 zenye mfumo wa Windows NT 4, ambao ulikuwa unakwisha kutunzwa. Halmashauri ya mji ikatafakari kuhamia Linux. Neno hilo lilionekana kuwa kubwa hata Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft wakati ule, alikatiza likizo yake ya kuteleza juu ya theluji katika Uswisi, akaenda kuonana na meya Christian Ude. Hata hivyo, mwezi wa Mei mwaka ule halmashauri ilichagua Linux. Kazi hiyo ikaitwa LiMux, ikathibitishwa mwaka 2004, na kompyuta za kwanza zikahamishwa mwaka 2006.

Safari ilikuwa ndefu kuliko ilivyotazamiwa. Kila idara ya mji ilikuwa na mafundi wake na desturi zake. Palikuwa na vielelezo vya barua na hesabu kwa maelfu, vilivyotengenezwa kwa ajili ya programu za zamani. Mafundi wakalazimika kuvifanya upya, wakatunga hata programu yao wenyewe, WollMux, ya kuwasaidia makarani kuandika barua za serikali. Mwishoni mwa mwaka 2013 mji ulitangaza kwamba kazi imekwisha, kompyuta karibu 15,000 zikiwa zimehama.

Lakini manung'uniko hayakwisha. Makarani walisema kwamba nyaraka walizobadilishana na ofisi nyingine, ambazo zilibaki katika Windows, zilifika zimeharibika mpangilio wake. Wengine walilalamika juu ya programu zilizopatikana katika Windows tu. Watetezi wa Linux wakajibu kwamba kosa haliko katika mfumo, liko katika kupanga kazi, kwa maana mambo yote mabaya yaliyotokea ofisini yalikuwa yakitwikwa LiMux. Mwezi wa Novemba 2017, chini ya meya mwingine, Dieter Reiter, halmashauri ikaamua kurudi Windows. Na mwaka 2020 vyama vilivyoshika halmashauri baada ya uchaguzi vikapatana tena kwamba programu huria zipendelewe kila inapowezekana. Tazameni basi: mashine zilikuwa tayari, mafundi walikuwa hodari, na bado mji ulikwenda na kurudi, kwa sababu mioyo ya watu haikuhama pamoja na mashine.

ASKARI WA UFARANSA WALIHAMA KIDOGO KIDOGO

Sasa tuwatazame wengine. Katika Ufaransa liko jeshi la Gendarmerie, askari walindao amani hasa katika vijiji na miji midogo. Hao ni watu kama 100,000, nao wametawanyika katika vituo maelfu. Je, wao walifanyaje?

Hawakuanza kwa kubadili mfumo. Mwaka 2005 waliiacha Windows mahali pake, wakabadili programu ya kuandikia tu: wakaweka OpenOffice. Askari akazoea kuandika taarifa zake kwa programu mpya, huku kila kitu kingine kikiwa kama zamani. Mwaka 2006 wakabadili kivinjari cha intaneti, wakaweka Firefox, na kwa barua pepe wakaweka Thunderbird. Programu hizo zote zina tabia moja: zinafanya kazi katika Windows na katika Linux vilevile. Mwaka 2008 ndipo walipoanza kubadili mfumo wenyewe, wakaweka Ubuntu waliyoitengeneza kwa mahitaji yao, wakaiita GendBuntu. Siku hiyo askari alipowasha mashine, alikuta barua zake katika Thunderbird ile ile na taarifa zake katika programu ile ile. Vyombo vilikuwa vya zamani. Nyumba tu ndiyo ilikuwa mpya.

Mwaka 2009 Luteni Kanali Xavier Guimard alieleza kwamba kutoka Windows XP kwenda Vista kungewalazimisha kuwafundisha watu upya, bali kwenda Ubuntu kulikuwa rahisi: tofauti kubwa walizoziona askari zilikuwa picha ndogo za kubonyeza, na michezo. Na michezo, alisema, si kazi yao ya kwanza. Hata baada ya hapo hawakukimbia. Mwaka 2013 mashine kama 37,000 zilikuwa zimehama, na wakuu wakasema kwamba gharama za kuzimiliki zimepungua kama 40 kwa mia. Mwezi wa Juni 2024 zilikuwa zimefika 103,164, yaani 97 kwa mia ya mashine zao zote.

Hatusemi kwamba Munich walikuwa wavivu na Wafaransa wenye akili. Kazi za mji na kazi za jeshi si sawa. Askari huamriwa, raia hushawishiwa. Lakini fundisho moja laonekana wazi. Mikono haiwezi kuhama mara moja na vyote. Yaweza kuhama kwa chombo kimoja, ikapumzika, ikahama tena. Haba na haba hujaza kibaba.

NJIA YA KUFUATA NYUMBANI NA SHULENI

Kwanza, kabla ya kugusa mfumo, badilini vyombo. Katika Windows yenu ya leo wekeni LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010, pamoja na Firefox na Thunderbird. Vitumieni miezi miwili au mitatu. Ikiwa jambo fulani haliwezekani, mtalijua mapema, nyumba ya zamani ikiwa bado imesimama. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Pili, andikeni orodha. Kila mtu aandike kazi anazozifanya kwa kompyuta kwa juma moja: barua, alama za wanafunzi, picha za arusi, kupiga chapa, hesabu za fedha. Mbele ya kila kazi aandike programu anayoitumia. Orodha hiyo ndiyo itakayowaambia kama safari inawezekana.

Tatu, fanyeni nakala za nyaraka zote katika diski ya nje au flashi, kisha fungueni nakala hizo katika mashine nyingine mkahakikishe zinasomeka. Nakala isiyojaribiwa si nakala. Kumbukeni pia kwamba mashine nyingine hufungwa kwa ufunguo uitwao BitLocker. Utafuteni ufunguo huo mapema na kuuandika mahali pa salama.

Nne, jaribuni kabla ya kuhamia. Linux yaweza kuwekwa katika flashi ya gigabaiti 8 na kuwashwa kutoka humo bila kugusa diski ya mashine. Mashine yenye nguvu kidogo ipewe namna nyepesi, kama Linux Mint yenye uso wa Xfce, au Lubuntu. Jaribuni sauti, intaneti, kibodi, na zaidi ya yote printa, kwa maana ziko printa ambazo watengenezaji wake hawakuzitolea programu ya kuziongoza katika Linux. Ni heri kujua leo kuliko kujua usiku wa kuamkia mtihani. Wala msinunue data kila mmoja kwa nafsi yake: faili ikipakuliwa mara moja, leseni yake yaruhusu kunakiliwa na kupewa jirani, naye ampe mwingine.

Tano, jueni tabia ya nyaraka. Waraka ulioandikwa kwa programu ya Microsoft ukifunguliwa katika LibreOffice, pengine mistari husogea, na ukurasa mmoja huwa kurasa mbili. Mara nyingi sababu ni aina ya herufi. Herufi ziitwazo Calibri ni mali ya Microsoft, hazimo katika Linux. Lakini zipo herufi ziitwazo Carlito, zenye upana ule ule, nazo zikiwekwa mistari hurudi mahali pake. Na waraka usiotakiwa kubadilika hata kidogo, kama cheti au orodha ya alama, upelekwe katika namna ya PDF.

Sita, msihamishe nyumba nzima siku moja. Ikiwa ofisi ina mashine nne, hamisheni moja, na apewe yule mwenye subira, si yule mwenye kiburi cha ufundi. Baada ya mwezi mmoja yeye ndiye atakayewafundisha wenzake kwa maneno wanayoyaelewa.

ASIYEFAA KUHAMA

Yafaa tuseme pia habari za yule anayepaswa kubaki. Kama kazi yake yote hutegemea programu moja iliyopo katika Windows tu, iwe ya hesabu, ya michoro au ya mashine fulani ya hospitali, asihame kwa kufuata mkumbo. Zipo njia za kuendesha programu nyingine za Windows ndani ya Linux, kama ile iitwayo Wine, lakini si zote zikubalizo, na riziki ya jamaa haiwekwi juu ya pengine. Mtu huyo aweke akiba ya kununua mashine inayokubaliwa, au mashine yake ya zamani aitenge na intaneti, aitumie kwa kazi ile moja tu. Kuhama si sifa, na kubaki si aibu. Aibu ni kukaa bila kujua.

VIJANA NA WAKUBWA WAO

Neno la mwisho ni kwenu, wanafunzi. Katika jamaa nyingi ninyi ndio mtakaotia mfumo mpya katika mashine ya nyumbani. Vidole vyenu ni vyepesi, kwa sababu desturi zenu bado ni changa. Msiwacheke wakubwa wenu. Baba anayetafuta diski D isiyokuwapo si mjinga. Anaifuata njia iliyomlisha na kuwalipia karo ya shule kwa miaka mingi. Tena, akikwama, msimnyang'anye kipanya na kumfanyia kazi upesi upesi. Mkono usiofanya haujifunzi. Ketini kando yake, mseme, «Baba, bonyeza pale juu kushoto,» kisha mngoje, hata akikawia. Siku ya nne hatauliza tena.

Nanyi wazazi na waalimu, msikatae kuuliza kwa sababu ya umri. Wako makarani waliojifunza kuandika kwa mashine za taipu, wakahamia kompyuta wakiwa watu wazima, na leo barua zao ni safi kuliko za vijana. Wakati ule pia mikono ililalamika, ikitafuta kile kishikio cha kurudishia gari la karatasi mwishoni mwa kila mstari. Ikazoea. Nyakati za kwanza wengi huona kwamba kazi ya saa moja inakula saa mbili; hesabuni hasara hiyo mapema, wala msichague juma la mitihani au la kufunga hesabu za mwaka kuwa juma la kuhama. Chagueni likizo, anzeni na chombo kimoja, na juma hili hili fanyeni lile lisilongoja mfumo wowote: nakala za nyaraka zenu.